Kupata rangi ya kiwandani kwenye gari la zamani: tupeane uzoefu

#1, mwanzisha mada
Heshima kwenu wakuu. Nina Toyota ya mwaka 1996, nyeupe. Mlango wa nyuma ulibondeka, nikapata mwingine uliotumika, wa rangi tofauti. Nikafungua boneti, nikasoma kile kibati palipoandikwa C/TR (namba ya rangi ya gari na ya ndani yake): 040. Hiyo ni Super White II, haina chenga (vipande vidogo vya alumini vinavyometa) wala lulu (unga wa kumeremeta). Nikajua kazi imekwisha, nyeupe si nyeupe tu? Mlango ulipokauka, gari lote likaonekana kama meno ya mvuta sigara.

Namba ilikuwa sahihi na aliyechanganya hakukosea. Gari ndilo limehama rangi, limekaa juani miaka yote hiyo. Waliopitia haya mlifanyaje? Semeni hata pale mlipochemsha.

#2
Ulipiga kompaundi (dawa ya kusugua rangi iliyopauka) kabla ya kulinganisha? Mimi nilichemsha kwa upande wa pili. Boneti lilikuwa limepauka, mchanganyaji akaufuata upauko ule ule, madigadi ikapulizwa na ikafanana kabisa. Wiki mbili baadaye nikapolishi gari zima. Ile ngozi iliyokufa ikatoka, rangi ya zamani ikaibuka imekolea, na madigadi mpya ndiyo ikabaki imepauka.

#3
Nyeupe ni afadhali mkuu, njoo kwenye fedha yenye chenga.

Yangu ilikwaruzwa mlango wa mbele. Nikapeleka namba, nikachanganyiwa, na bahati nzuri fundi akakataa kugusa gari kabla ya kupuliza kwenye kipande cha bati. Akakiweka juu ya mlango, tukasimama mbele yake: inafanana. Akaniambia nisogee pembeni, nitazame kwa ubavu. Kipande kikawa cheusi kama kivuli. Mimi nikadai iongezwe nyeupe. Akacheka, akasema nyeupe itaung'arisha ubavu kweli, lakini ukisimama mbele utaona rangi imefifia, chenga zimezama.

Kisha akafanya kitu ambacho sijakisahau. Kopo lile lile, bunduki ya rangi ile ile, akapuliza vipande vitatu. Cha kwanza alikipiga karibu, rangi ikalowa. Cha pili kawaida. Cha tatu akarudi nyuma kidogo na kuongeza upepo, rangi ikatua karibu imekauka. Vilipokauka na kupata vanishi (ule utando wa juu usio na rangi), ungeapa ni rangi tatu. Kilicholowa kilikuwa kizito, kilichokauka kilikuwa cheupe zaidi. Kumbe chenga za alumini zikitua kwenye rangi iliyolowa zinazama na kulala zinavyotaka, zikitua kavu zinakaa juu na kurudisha mwanga. Kwa hiyo nusu ya rangi iko kwenye kopo, nusu iko mkononi mwa anayepuliza.

Hata hivyo kipande bora hakikufanana kwa asilimia mia. Ndipo akaingiza rangi kidogo kwenye madigadi na mlango wa nyuma, akiipunguza taratibu mpaka ikapotea katikati, halafu akapiga vanishi kwenye paneli zote tatu nzima. Jicho halipati pa kushika, maana tofauti haianzii kwenye ukingo wa mlango. Niliona kama kazi ya bure kupaka paneli nzima zisizo na mkwaruzo. Sasa sioni hivyo.

#4
Kwa ambao bado wanatafuta namba: Honda nyingi huwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Volkswagen tazama karatasi iliyobandikwa kwenye buti, karibu na tairi la akiba. Kwenye magari mengi ya zamani kibati kiko chini ya boneti.

Ila hakikisheni gari halijapakwa upya. Langu kibati kilisema kijani, na mimi nilinunua gari la bluu! Nilipoinua zulia la buti nikakuta kijani chenyewe kimejificha. Namba haikunisaidia chochote, ikabidi paneli isomwe kwa mashine. Mashine nayo inakupa fomula iliyo karibu tu, kurekebisha bado ni kazi ya macho.

#5
Mwanzisha mada, chukua kitambaa cheupe na kompaundi, sugua sehemu iliyofichika. Nyekundu yangu ya zamani ilipaka kitambaa chote wekundu, maana yake haina vanishi juu, rangi ndiyo ng'ao yenyewe. Fundi aliyetangulia alikuwa amenipigia rangi ya chini na vanishi. Rangi ilifanana, lakini mng'ao ulikuwa wa kioo na paneli jirani hazikuwa hivyo. Watu waliona kiraka wasijue wanaona nini. (Nyeupe yako itabidi usugue kwa kitambaa cheusi, nimekumbuka sasa hivi.)

Na tahadhari: nyekundu, njano na machungwa za zamani ziliwahi kutengenezwa kwa risasi. Msasa uwe wa maji, vumbi lisipepee. Ukipuliza rangi yenye hadna (kigumishi), barakoa ya kitambaa haitoshi, vaa ile ya vichujio vya mvuke wa rangi, au bora zaidi inayoletewa hewa safi kwa bomba.

#6, mwanzisha mada
Nimerudi wakuu. Kitambaa cheusi kimetoka na unga mweupe, kwa hiyo yangu haina vanishi. Nikapiga kompaundi kifuniko cha tangi la mafuta, nikakifungua na kwenda nacho kwa mchanganyaji. Chini ya taa za tyubu kadi ya kwanza ilifanana nacho kabisa, tulipotoka juani ikawa na ubluu. Akaongeza njano kidogo na nyeusi tone moja moja, kila mara tunapuliza kadi, tunasubiri ikauke, tunatoka nje. Kadi ya nne ndiyo iliyokubali juani na kivulini.

Tumepiga mlango mzima ukingo hadi ukingo, hatukuingia wa mbele, maana rangi isiyo na vanishi ukiikatisha katikati inaacha mpaka. Sasa macho yamezoea kutafuta makosa, na jana nimegundua bampa la nyuma halijawahi kufanana na gari tangu nilinunue.

#7
Hiyo plastiki mkuu. Liache.