Earthsea, Mistborn na The Fifth Season: mwisho upi umeandaliwa, na niendelee na upi?

Taa_ya_Koroboi

Wadau wa riwaya za kichawi, salaam.

Nimemaliza vitatu, na vyote ni juzuu ya kwanza ya mfululizo: A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin (1968), The Final Empire ya Brandon Sanderson (2006, inayofungua Mistborn) na The Fifth Season ya N. K. Jemisin (2015). Maoni yangu, bila kumwaga mtama:

Earthsea lugha yake imepigwa msasa, hakuna sentensi iliyokaa bure. Ila pambano la mwisho limekatika ghafla. Ged, mchawi kijana, anahangaika baharini sura baada ya sura, halafu jambo lote linakwisha ndani ya kurasa mbili tatu.

The Final Empire ina uchawi mtamu kuliko vyote vitatu: mtu anameza metali, anaiunguza tumboni, anapata nguvu kulingana na metali yenyewe. Karamu za makabaila zinavuta miguu. Na siri inayofichuliwa mwishoni sikuona ilipandwa wapi. Ni kama imedondoka kutoka juu.

The Fifth Season ndiyo ngumu. Msimulizi anakuita "wewe", maneno ya kubuni yanamwagika toka ukurasa wa kwanza, na majina ya watu yana vipande vitatu vitatu. Dunia yenyewe ya matetemeko, hata hivyo, sijaona mfano wake.

Maswali mawili: hiyo miisho ya Earthsea na Mistborn imeandaliwa au ni ya kubahatisha? Na kati ya hii mifululizo mitatu niendelee na upi, kwa mpangilio upi?

Sindano_Butu

Mkuu, yale maandishi mafupi yanayotangulia kila sura ya The Final Empire uliyasoma au uliyaruka? Wengi huyaruka wakidhani ni mapambo. Ni kumbukumbu za mtu aliyeishi miaka elfu moja kabla ya hadithi kuanza, na siri unayosema imedondoka kutoka juu imo humo vipande vipande. Rudi uyasome yenyewe tu, moja baada ya jingine, ukiacha sura zenyewe. Hayakumalizi hata saa moja. Kisha rudia pale mtumishi Sazed anapoeleza uchawi wa watu wake wa kuweka akiba ndani ya bangili za metali: anayeweka uzito anakuwa mwepesi kwa muda huo, anayeweka afya anaugua kwa muda huo, halafu huchota siku ya shida. Weka hayo mawili pamoja utaona jibu lilikuwa mezani mapema.

Uchawi wa kuunguza metali ni mtamu kwa sababu unafuata hesabu. Feleji inasukuma metali iliyo karibu, chuma kinaivuta. Bati linanoa hisi, na aloi yake inatia nguvu mwilini. Zinki inachochea hisia za watu wengine, shaba njano inazituliza. Msukumo unakwenda kwa mstari ulionyooka kutoka mwilini mwako, hauna kona, na mwepesi ndiye anayesogea. Sukuma sarafu hewani, sarafu itaruka. Sarafu hiyohiyo ikiwa imelala chini na ardhi imeizuia, utaruka wewe. Ndiyo maana kila pambano la Vin, mhusika mkuu, linasomeka kama bao: kabla hajatupa sarafu unajua tayari wapi anaweza kufika na wapi hawezi, na metali ikimwishia tumboni unaona hatari kabla yeye hajaiona. Sanderson ana kanuni yake aliyoieleza waziwazi, kwamba mwandishi ana haki ya kutatua mgogoro kwa uchawi kwa kadiri ile ile msomaji anavyouelewa uchawi huo.

Na hapo nakubaliana nawe nusu. Siri imeandaliwa vizuri, lakini nguvu ya ziada anayoipata Vin katika pambano lenyewe haijalipiwa ndani ya kitabu hiki. Deni linalipwa juzuu ya tatu. Mtu akiishia ya kwanza ana haki ya kunung'unika.

Mpangilio: The Well of Ascension (2007), kisha The Hero of Ages (2008). Ya pili ndiyo inayowashinda watu. Mji umezingirwa na majeshi, siasa ndefu, mapigano machache hadi theluthi ya mwisho. Usiiache, kwa sababu ya tatu inaokota kila kitu kilichoangushwa humo. Secret History (2016) ni fupi na inavutia kwa ufupi wake, lakini ukiigusa kabla ya ya tatu umejimwagia mtama mwenyewe. Sanderson mwenyewe anashauri isubiri hata zaidi ya hapo, mpaka umemaliza The Bands of Mourning ya kundi la pili la vitabu vya Mistborn.

Earthsea sina la kuitetea. Uchawi wake hauna kanuni, ndiyo maana mwisho unaning'inia.

Mlinda_Kurasa

Hapana, Sindano. Uchawi wa Earthsea una kanuni mbili, na zote zinatamkwa kabla Ged hajamaliza shule.

Ya kwanza: kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua anakitawala. Sura ya tatu wanafunzi wanafungiwa mnarani wakikariri orodha za majina, kila rasi na kila ghuba, kwa sababu jina la bahari nzima halikupi mamlaka juu ya ghuba yake moja. Ya pili: dunia iko kwenye mizani. Ukileta mvua hapa unaweza kuleta ukame kule. Kiini macho ni rahisi kwa kuwa hakibadilishi kitu, bali kinadanganya jicho tu. Kugeuza kokoto iwe kito cha kweli ni jambo jingine kabisa, maana umeigusa mizani.

Sasa mwisho, Taa. Kitabu kina sura kumi. Rudia ya nne na ya tano tu. Katika ya nne, mkuu wa shule anasema kile kivuli kinachomwinda Ged hakina jina. Katika ya tano, Ged analishinda joka la Pendor kwa kulitamkia jina lake tu, bila upanga wala moto, na joka hilo linadai linajua jina la kivuli. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi. Hilo ndilo swali la kitabu kizima, na kurasa mbili tatu za mwisho ni jibu lake. Ukienda pale ukitarajia vita, utaona pengo. Ukienda ukitaka kujua nani alisema kweli, huhitaji ukurasa wa nne. Mimi naona ndio mwisho uliobana kuliko wote watatu, na sisemi hivyo kwa kupenda vitabu vyembamba.

Kuhusu kanuni kwa jumla, zina kazi pale tu uchawi unapotumika kumtoa mtu kwenye shida. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ni nchi nzima inayoelea angani, na hakuna msomaji anayedai aelezwe inaeleaje, kwa kuwa kesi ya Karama, mshtakiwa wa hadithi, haiamuliwi na kuelea huko. Inaamuliwa kwa maneno mbele ya baraza. Kwa hiyo kabla ya kukilaumu kitabu kwa "uchawi usioeleweka", tazama kama kuna fundo lolote uchawi huo umelifungua. Kama hakuna, hakidaiwi maelezo.

Mpangilio wa Earthsea ni ule wa kuchapishwa: The Tombs of Atuan (1971), The Farthest Shore (1972), Tehanu (1990), Tales from Earthsea na The Other Wind (zote 2001). Mitego ni mitatu. Atuan haianzi na Ged. Mhusika mkuu ni Tenar, binti aliyechukuliwa utotoni awe kuhani wa makaburi, na Ged anaingia kitabu kikiwa kinaelekea nusu. Wanaokiacha wengi wao walikuwa wanamsubiri yeye. Tehanu imetoka miaka 18 baada ya ya tatu na inageuza macho: shamba, mjane, mtoto aliyeunguzwa, na uchawi mkubwa uko mbali. Si kitabu cha safari, usikipime kwa safari. Mwisho, usiiruke Tales ukidhani ni hadithi za pembeni. Ile inayoifunga, "Dragonfly", ndiyo daraja la kutoka Tehanu kwenda The Other Wind. Bila hiyo kuna mtu utakutana naye hujui ametoka wapi.

Hasira_za_Mkizi

Nakuja kwenye The Fifth Season, maana naona kila mtu anaikwepa.

Tatizo la "wewe" linakwisha ukijua mambo mawili. Kwanza, si kitabu kizima. Kuna nyuzi tatu: ya Essun ndiyo ya nafsi ya pili, ya Damaya na ya Syenite ni nafsi ya tatu ya kawaida. Pili, si madoido. Palipo na "wewe" kuna anayesema na kuna anayeambiwa. Ukianza kujiuliza "nani huyu anayeniambia, na amejuaje?" zile sura zinabadilika kutoka kero kuwa fumbo. Sisemi zaidi.

Majina yana mantiki. Mtu wa kawaida ana jina lake, kisha tabaka la kazi, kisha jumuiya anakoishi. Kwa hiyo sehemu ya pili na ya tatu hazina haja ya kukaririwa, zisome kama kitambulisho. Waliofunzwa kutuliza matetemeko huitwa kwa majina ya mawe na madini, na ngazi yao huhesabiwa kwa pete: Syenite ana nne, Alabaster ana kumi. Idadi ya pete inakwambia mara moja nani anamwogopa nani chumbani.

Na hapa ndipo Jemisin anampiku Sanderson, kwa maoni yangu. Nguvu za hawa watu hazitoki tumboni. Wanaweza kuvuta joto la vitu vinavyowazunguka, na mduara huo huganda barafu pamoja na chochote kilicho hai ndani yake. Mtoto akikasirika mchezoni mwenzake anaweza kufa. Ukishaelewa hilo, chuki ya jamii, shule ya kikatili, walinzi wanaowafuata, vyote vinatoka kwenye chanzo hicho kimoja. Kwa Sanderson ukiondoa metali bado una dola dhalimu na watumwa. Kwa Jemisin ukiondoa nguvu ile hakuna jamii inayobaki.

Nyuma ya kitabu kuna viambatisho viwili, orodha ya majanga ya zamani na faharasa ya maneno. Kosa ni kuisoma faharasa yote mwanzoni. Soma sura tatu bila kuigusa, kisha tafuta yale tu ambayo bado yanakukwaza, yatakuwa matano au sita. Zile nukuu zinazofunga sura usizidharau. Sheria za kuishi majira ya janga ziko humo, na baadaye utaona zipi zimechakachuliwa.

Endelea moja kwa moja: The Obelisk Gate (2016), The Stone Sky (2017). Usiweke miezi katikati, kwa sababu ya pili inaanza bila kukukumbusha sana. Vyote vitatu vilipata tuzo ya Hugo ya riwaya, mwaka baada ya mwaka, 2016 hadi 2018.

Taa_ya_Koroboi

Kweli, yale maandishi ya Mistborn niliyaruka kuanzia sura ya sita hivi. Nimeshikwa pabaya.

Swali dogo: kwa anayesomea kwenye simu, ramani haisomeki na majina yanapotea. Mnafanyaje?

Kitanzi_cha_Uzi

Ramani: ipige picha ya skrini kabla ya kuanza na uikuze kutoka kwenye picha, si ndani ya programu ya kusomea. Faharasa iwekee alamisho siku ya kwanza.

Majina: usiandike kila anayetajwa, utachoka kufikia sura ya pili. Andika anayejitokeza mara ya pili. Mambo matatu tu: jina, anataka nini, mara ya mwisho alikuwa wapi. Hilo la "anataka nini" ndilo linalosaidia kuliko sura yake au cheo chake.

Ukimsahau mtu, usimtafute intanetini. Ukianza kuandika jina, kisanduku cha kutafutia chenyewe kinakupendekezea neno "kifo" mbele yake. Tafuta ndani ya kitabu, nenda alipotajwa mara ya kwanza, soma aya mbili, rudi. Vilevile usisome maelezo ya jalada la nyuma la juzuu ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Yameandikwa kwa aliyekwisha kujua nani amebaki hai.

Na usiamini asilimia. Viambatisho na sampuli ya kitabu kinachofuata vinakula sehemu ya mwisho, kwa hiyo hadithi inaweza kufungwa wakati simu inakuonyesha bado kuna safari. Wengi wanaosema mwisho "umekatika" walikuwa wanapiga hesabu ya kurasa ambazo si za hadithi. Yawezekana hata Earthsea yako, Taa, kama toleo lako lina maneno ya baadaye ya mwandishi.

Kuhusu uendelee na upi: yote mitatu angalau imefungwa (kwa Mistborn nahesabu vitabu vitatu vya kwanza). Hilo si dogo. The Name of the Wind ya Patrick Rothfuss ilitoka 2007, ya pili 2011, ya tatu bado inasubiriwa.

Taa_ya_Koroboi

Toleo langu linayo kweli hayo maneno ya baadaye. Haya, naanza Atuan, kisha Jemisin mbili mfululizo. Mistborn nairudia kwa yale maandishi kwanza.

Sindano_Butu

Nimeirudia sura ya tano ya Earthsea. Suala la joka nalikubali, Mlinda. Lakini karamu za Vin hazivuti miguu: kule ndiko anakopeleleza makabaila wasiojua kwamba wanachunguzwa. Zisome tena ukihesabu nani anamchunguza nani.