Uwanja wa stoo ya mabati kwenye udongo mweusi, Ruai (Nairobi): nichimbe kina gani?

Mama_Sukuma
Hamjambo wadau. Nataka kuweka stoo ya mabati yenye fremu ya chuma, mita 3 kwa 2.4, nyuma ya nyumba. Udongo ni ule mweusi: kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia, mvua ikinyesha unang'ang'ania gambuti. Fundi anasema tumwage hadikoo (mawe ya kujazia) juu ya nyasi kisha zege. Inatosha?

Sururu_na_Jembe
Haitoshi. Udongo huo hufura ukinywa maji na kunywea ukikauka, na haufanyi hivyo kwa usawa. Chini ya ukingo wa sakafu unalowa na kukauka kila msimu, katikati unabaki na unyevu uleule. Sakafu inapasuka, fremu inapinda, mlango unakataa kufunga. Nyasi nazo zikioza zinaacha mapengo.

Pima mita 3.6 kwa 3, yaani sentimita 30 zaidi kila upande, uchimbe sentimita 45. Huenda usiumalize wote, lakini stoo nyepesi haihitaji zaidi ya hapo. Zitatoka karibu mita 5 za ujazo, na udongo ukichimbwa huumuka, kwa hivyo tafuta mapema pa kuupeleka. Usiurudishe shimoni hata beleshi moja.

Jaza maramu (udongo wa changarawe) kwa tabaka: sentimita 15 ukiwa na mashine ya kushindilia, 10 kwa mkono. Nyunyiza maji kidogo. Ukiifumbata ishikane donge, lakini isitoe maji. Ikiwa kavu haishikani, ikilowa sana inabonyea kama godoro. Panda hadi sentimita 10 juu ya ardhi. Agiza mita za ujazo 7.5 hivi, kwa sababu ikishindiliwa hupungua karibu moja ya tano.

Mama_Sukuma
Asante. Lakini si mawe ni magumu kuliko maramu?

Mtaro
Ni magumu, ila shida yako ni maji. Hadikoo ina mianya. Shimo ndani ya udongo usiopitisha maji kwa urahisi, ukilijaza mawe, umejichimbia tangi: mvua ya Machi hadi Mei inakaa humo na udongo wa chini unaifyonza polepole. Maramu iliyoshindiliwa vizuri haiachi nafasi hiyo. Hadikoo itumie tu kama uwanja una mteremko na unaweza kuchimba mtaro wa kutoa maji kutoka sakafu ya shimo.

Weka gata, maji ya paa yasidondoke ukingoni. Maramu ya pembeni ishuke kuelekea nje, sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita. Na kama kuna mkaratusi karibu, sogeza stoo. Mizizi yake inakausha upande mmoja tu, na upande huo ndio unaozama.

Pima_Maji
Juu ya maramu tandaza vumbi la kokoto sentimita 3, kisha nailoni nzito ya geji 1000 (kipimo cha unene), maungio yapishane sentimita 30. Zege ya unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 0.72: kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto), mifuko 5 ya simiti ya kilo 50. Wavu wa BRC (wavu wa chuma wa kuimarisha zege) uinuliwe kwa vijiwe. Vibarua huukanyaga hadi ukalala juu ya nailoni, na hapo hausaidii kitu. Kabla ya kumwaga pima kona kwa kona: zote mbili zisome mita 3.84. Kisha lowesha zege siku 7.

Mama_Sukuma
Nikianza Februari ni sawa?

Sururu_na_Jembe
Sawa, ila usiache shimo wazi. Chimba na ujaze wiki hiyohiyo. Mvua ikikuwahi, komba tope lote kabla ya tabaka la kwanza. Maramu juu ya tope haishindiliki.