Naomba ushauri: mama anameza dawa ya presha akiumwa kichwa tu

Habari zenu wakubwa. Mama yangu ana miaka 61, presha iligundulika 2019. Anaamini presha ni ya mawazo, kichwa kisipouma basi amepona. Akijisikia vizuri anaacha amlodipini, anasema mwili utaizoea, anahamia kwenye kitunguu saumu. Juzi tumempima, 178/104, na hana dalili hata moja! Hilo ndilo linalonitisha, maana presha huharibu figo na moyo kimya kimya. Baba mdogo alipata kiharusi hivyo hivyo, asubuhi alikuwa mzima kabisa. Nikisisitiza, mama ananiambia namwombea ugonjwa. Mliowahi kuwa na mzazi wa hivi, mlianzia wapi? Nimtafute mtu wa rika lake anayemeza dawa miaka mingi aongee naye?