Geji ya mafuta ya boti: tangi limejaa, mshale umelala E

Mkono_wa_Usukani:
Wakuu, habari. Nina boti ya petroli niliyonunua ikiwa imetumika. Nikijaza tangi mpaka juu, mshale wa geji unalala karibu na E (alama ya tangi tupu). Mafuta yakipungua, unapanda. Yakifika nusu ya tangi unasoma nusu, sawa kabisa. Geji inaonekana mpya kuliko vitu vingine vya dashibodi. Sensa ya tangi (kile kifaa kinachopima kiwango cha mafuta ndani) imekufa, au nibadilishe waya?

FundiWaya:
Usinunue kitu bado, mkuu. Zima swichi kuu ya betri. Acha sehemu ya tangi wazi ipate hewa mpaka harufu ya petroli iishe, maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutuama kwenye ngama. Chomoa waya wa S kwenye sensa, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), kisha pima kati ya teminali ya S na ile ya ethi (upande wa hasi wa betri) ya sensa. Fanya hivyo tangi likiwa limejaa, utuletee namba.

Nyuma ya geji kuna teminali tatu: I ni umeme kutoka swichini, G ni ethi, S inakwenda kwenye sensa. Ukiwasha swichi, kati ya I na G uone volti 12 na kitu. Zikiwa pungufu sana, safisha ethi kwanza kwa msasa; chumvi ikila kiungo cha ethi, geji hudanganya hata sensa ikiwa nzima.

Mkono_wa_Usukani:
Asante mkuu. Kwenye I na G napata 12.5. Sensa inasoma omu 176, tangi limejaa.

Tangi_Kavu:
Basi sensa yako ni nzima. Kuna mifumo miwili mikubwa. Wa Marekani: tangi tupu omu 240, likijaa 33. Wa Ulaya: tupu 10, likijaa 180. Sensa yako ni ya Ulaya, na dalili zote zinaonyesha aliyebadilisha geji aliweka ya Marekani. Geji hiyo ikiona 176 inadhani tangi linakaribia kwisha. Ikiona 10 inadhani limejaa. Na ndiyo maana nusu inasoma vizuri: mifumo yote miwili, tangi likiwa nusu, iko jirani na omu 100.

Hali hii ni ya hatari kuliko geji iliyokufa, kwa sababu mshale utaonyesha F (limejaa) wakati unanyonya tone la mwisho.

Hakikisha hivi, nyuma ya dashibodi na si kwenye tangi: chomoa waya wa S kwenye geji, washa swichi. Geji ya Marekani itaanguka E. Kisha unganisha S na G kwa kipande cha waya, itapanda F. Ya Ulaya hufanya kinyume. Usipeleke kamwe volti 12 kwenye waya wa S, utaunguza sensa.

FundiWaya:
Naunga mkono. Nunua geji ya 10-180 uache sensa ilipo. Kubadilisha sensa ni kufungua tangi, gasketi mpya, na kupima kina upya ili egemeo la mkono wa floti (boya la sensa) likae katikati ya kina. Kazi ya bure hapo.

Nyongeza: kama tangi ni la plastiki, angalia kama ethi ya sensa ina waya wake mpaka kwenye ethi kuu. Plastiki haipitishi umeme.

Tangi_Kavu:
Ukishafunga geji mpya, jaza lita kumi kumi kuanzia tangi tupu na uandike mshale unaposimama. Matangi mengi ya boti ni membamba chini kufuata umbo la boti, hivyo mshale ukisoma nusu, mafuta yaliyobaki huwa chini ya nusu ya ujazo wa tangi. Karatasi hiyo ibandike karibu na usukani.

Mkono_wa_Usukani:
Nimefanya jaribio la dashibodi: S ikichomolewa inaanguka E, nikiunganisha na G inapanda F. Naagiza ya 10-180.