Mdogo wangu anaenda JKT: magonjwa ya hangani (bweni la kambi) anayaepukaje?

Wakuu, habari. Mdogo wangu kamaliza form six, kapangiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), mafunzo ya mujibu wa sheria. Kifua chake chepesi, mafua ya mtu mmoja tu yanamlaza. Afungashe nini?

JIBU 1
Mkuu, mmoja akianza kukohoa hangani, wiki haiishi wanakohoa wote. Sisi tulilazwa mzungu wa nne, kichwa changu upande wa miguu ya jirani. Tulicheka sana, ila kikohozi cha mtu hakikupigi usoni. Madirisha nayo wazi usiku. Tukiyafunga kwa baridi, afande anapita na tochi kuyafungua. Taulo, wembe na kandambili asiazime wala kuazimisha, fangasi na upele vinahamia humo humo. Soksi abebe nyingi, buti likiloa ni balaa.

JIBU 2
Marekani makuruta humezeshwa vidonge vya chanjo ya adenovirusi (virusi vya homa na kikohozi), aina ya 4 na ya 7. Vilipokosekana, homa zikarudi kambini, vikarejeshwa 2011.

MUULIZAJI
Asanteni. Akiumwa huko wanamsikiliza kweli?

JIBU 1
Hapo ndipo pagumu. Wengi wanaficha homa wasiitwe wategaji, yaani wakwepa kazi, halafu wanaambukiza safu nzima. Aripoti zahanati ya kambi asubuhi ile ile. Kikohozi kikifika wiki mbili, aombe kupimwa makohozi. Kama ana pumu aseme siku ya kuripoti, asisubiri azidiwe kwenye mchakamchaka.