Lubumbashi, Johannesburg, Nairobi au Brussels: wapi wanaume wawili watapanga nyumba moja?

Msusi_wa_Kamalondo

Habari zenu jamani. Naandika nikiwa saluni, mteja yuko chini ya mashine ya kukausha nywele, kwa hiyo nina dakika ishirini.

Mimi na mwenzangu (mwanaume kama mimi, niseme wazi tusipotezeane muda) tumemaliza miaka minne pamoja. Tumepanga vyumba viwili uani kwa mama mmoja hapa L'shi (Lubumbashi). Kwake sisi ni mabinamu. Chumba cha pili kina kitanda ambacho hakuna anayekilalia. Kila asubuhi nakivuruga kidogo, halafu nakitandika. Wiki jana nilisahau, na juzi vilevile. Mama akaingia kutafuta kuku wake, akapitisha kidole kwenye shuka, akakitazama. Vumbi. Hakusema neno. Jioni akaja kutuambia garanti yetu, ile pesa ya dhamana ya nyumba, ataturudishia mwisho wa mwezi, eti mtoto wake anarudi kutoka Kolwezi anahitaji vyumba. Huyo mtoto tunamjua, tulimpigia simu, hana habari ya kurudi.

Akiba yetu ni dola 2,300. Tunafikiria mambo manne: kuhama mtaa tu na kubaki hapa, Johannesburg, kwa dada yake, Nairobi, kwa sababu ya lugha, au Ulaya, ambako kila mtu anaota. Naomba mnilinganishie. Sheria nimesoma kidogo. Ninachotaka kujua ni nyumba, kazi ya nywele, na njia ya kufika.

Avoka_Kampemba

Mdogo wangu, pole. Tuanzie nyumbani, maana watu wengi hapa wanaogopa kitu ambacho hakipo.

Kanuni ya adhabu ya Kongo haina kifungu kinachosema mapenzi ya jinsia moja ni kosa. Miswada imepelekwa bungeni zaidi ya mara moja, haikupita. Kilichopo ni kifungu cha 40 cha Katiba ya 2006, ambacho kinatoa haki ya ndoa kwa mtu na mwenzake wa jinsia tofauti. Halafu kuna kifungu cha 176 cha kanuni ya adhabu, cha kuvunja adabu hadharani: siku 8 hadi miaka 3. Hicho ndicho polisi wanakipenda, kwa sababu adabu haina mizani. Vijana waliowahi kunipigia simu usiku kwa ajili ya kifungu hicho hawakufika mbele ya hakimu hata mmoja. Walilipa, wakatoka, wakahama.

Kwa hiyo hapa si sheria inayokufukuza, ni jirani. Mkibaki, msipange uani tena. Tafuteni nyumba yenye mlango wake wa barabarani, hata kama ni chumba kimoja na bei imezidi. Mama mwenye nyumba akilala nyuma ya ukuta wenu, hata Uholanzi, nchi ya kwanza kuruhusu ndoa hizi mwaka 2001, ingewashinda.

Kasumba_Kila_Mwezi

Mimi nazungumzia njia. Naenda Joburg kwa basi kuchukua bidhaa, najua kila shimo.

Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa uko Zambia, na Zambia si Kongo. Kule kifungu cha 155 cha kanuni ya adhabu kinaanzia miaka 15 jela na kinaweza kufika kifungo cha maisha. Basi linapita Kapiri Mposhi, mji ambao wanaume wawili walikuwa kwenye loji mwaka 2017, mfanyakazi akawachungulia dirishani. Novemba 2019 mahakama kuu ikawapa miaka 15 kila mmoja. Balozi wa Marekani alipolalamika, serikali ikasema haimtaki tena, akaondoka. Mei 2020 rais akawasamehe. Basi likilala Zambia, chukueni vitanda viwili na mfunge pazia. Najua mmechoka na vitanda viwili, lakini hapo ni lazima.

Baada ya Lusaka kuna njia mbili. Basi langu linavuka Chirundu kuingia Zimbabwe, ambako nako mapenzi ya wanaume ni kosa, hadi Beitbridge, mpakani na Afrika Kusini. Njia nyingine ni daraja la Kazungula, lililofunguliwa 2021, unaingia Botswana. Botswana mahakama ilifuta sheria hiyo mwaka 2019, serikali ikakata rufaa, ikashindwa Novemba 2021. Ndugu zetu wale walishinda kwenye nchi yao wenyewe, bila kelele nyingi.

Kinachonichekesha kila safari: mtu amekaa kiti kilekile, chips zilezile mkononi, akivuka mto Limpopo aliyekuwa mhalifu anapata haki ya kufunga ndoa. Ila viza ya Afrika Kusini muwe nayo. Bila hiyo mtashushwa mpakani, na hapo hakuna anayeuliza mnampenda nani.

YayaBijou_Joburg

Mdogo wangu msusi, nilisoma habari ya kidole na vumbi nikacheka na kulia. Mimi ni mwanamke, naishi na mwanamke, sisi wawili ni wa Katuba. Tuko hapa mwaka wa saba. Nitaandika marefu, univumilie.

Sheria ya hapa ni kweli, si hadithi. Katiba ya 1996 inakataza ubaguzi kwa sababu ya unayempenda, imeandikwa wazi. Ndoa zilianza tarehe 30 Novemba 2006, nchi ya kwanza Afrika na ya tano duniani. Na haikuanguka kutoka mbinguni. Maandamano ya kwanza hapa Johannesburg yalikuwa Oktoba 1990, Simon Nkoli akiwa mbele, mtu aliyekwisha fungwa na serikali ya makaburu. Wapo walioandamana siku hiyo wamejifunika mifuko ya karatasi usoni, wametoboa matundu ya macho. Ukiona picha zile utaelewa kwamba hawa nao walikuwa na kitanda chao cha pili.

Sasa nyumba. Tulifikia Yeoville, kama Wakongo wote, kwa sababu pale kuna vyakula vya kwetu, kuna bukari, kuna sombe, kuna makayabu, na Jumapili kanisa lina kwaya ya Kiswahili. Lakini macho ya Katuba nayo yalipanda basi yakafika Yeoville. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Likasi. Mwezi wa tano akatuuliza waume zetu watakuja lini. Tukahama, tukaenda kwa mzee mmoja wa hapa, upande wa mashariki. Yule hakutaka kujua tunalala vipi. Alitaka karatasi tatu za mshahara, na hatukuwa na hata moja! Huo ndio ulinganisho wangu mimi: kwetu wanauliza wewe ni nani wake, hapa wanauliza karatasi ziko wapi. La kwanza unaweza kudanganya, la pili huwezi. Tulilipa miezi mitatu mbele akakubali.

Kuhusu hifadhi: sheria ya wakimbizi ya 1998 inatambua mtu anayeteswa kwa sababu hii. Kwa mtu wa Joburg ofisi ni Pretoria. Utapewa karatasi ya muda, utairudisha kuongezewa, tena na tena, na jalada litakaa miaka. Mimi bado niko kwenye karatasi ya muda.

Na usidanganywe kwamba kila mtaa ni mmoja. Eudy Simelane, mwanamke aliyependa wanawake bila kujificha, alichezea timu ya taifa ya soka ya wanawake, aliuawa KwaThema Aprili 2008, sheria ya ndoa ikiwa tayari imepita. Mwezi uliofuata wakaanza kuwafukuza na kuwaua wageni, na 2019 ikarudi. Kwa hiyo utashika mkono wa mwenzako Melville au Rosebank bila mtu kugeuka, halafu utafungua mdomo kwenye teksi, lafudhi ikusaliti, uitwe kwerekwere, tusi lao kwa Waafrika wageni. Mimi nimechagua. Tusi hilo linaniuma kidogo kuliko lile la nyumbani, maana silisikii kwa mama yangu.

Cape Town, De Waterkant, ndiko kwenye bendera za upinde wa mvua, baa na hoteli zinazojitangaza. Pazuri sana. Ni pa watu wenye yuro.

Kazi ya nywele ipo. Utakodi kiti kwa wiki katikati ya mji, wasusi Wakongo wanaheshimiwa. Njoo na pini zako na mikono yako.

Papa_Shemasi

Mnakaa kulinganisha nchi za kwenda kutendea dhambi? Januari 2024 Kardinali Ambongo alisema kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba baraka kwa wapenzi wa namna hiyo hazitatolewa kwetu. Ombeni msaada, msiombe viza.

Avoka_Kampemba

Papa Shemasi, kwa heshima yako. Kardinali alikataa baraka. Hakusema watu watolewe nyumba. Na hayati Baba Mtakatifu Fransisko, Januari 2023, siku chache kabla ya kutua Kinshasa, alisema mwenyewe kwamba jambo hili si jinai. Akasema ni dhambi, sawa, lakini tutofautishe dhambi na jinai. Tutofautishe basi. Wewe shika upande wako, mimi nishike wangu, na kijana huyu apate pa kulala.

Furaha_wa_Goma

Nairobi niliishi miaka miwili, ngoja nikuambie. Tangu Kongo tuingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kwenda huko kumekuwa rahisi, na Kiswahili unacho. Tatizo ni hili: Kiswahili kitakufikisha kila mahali ambako sheria haikutaki. Kenya ni miaka 14, mahakama kuu ilikataa kuifuta Mei 2019. Tanzania inafika maisha. Burundi waliandika yao 2009. Uganda ile ya 2023 mnaijua, ina mpaka adhabu ya kifo kwa makosa fulani, na awali ilimtisha hata mwenye nyumba anayekupangisha. Kipande hicho Mahakama ya Katiba ilikifuta Aprili 2024, vingine vingi vikabaki.

Hata hivyo Nairobi ni kubwa. Kilimani unapanga ghorofa ya saba, jirani yako humjui, askari wa getini anajua gari lako tu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua chama cha watu hawa kina haki ya kusajiliwa, na wenye pesa wanaishi. Wasio na pesa wanaenda kambi ya Kakuma kama wakimbizi, na huko Machi 2021 walirushiwa bomu la petroli wakiwa wamelala. Kijana mmoja Mganda alikufa kwa majeraha. Kwa dola 2,300 wewe si mtu wa Kilimani, nisamehe.

Kigali? Hawana sheria dhidi yetu. Mwaka 2009 walitaka kuiweka kwenye kanuni mpya, wakaiacha. Mji umetulia. Lakini mimi ni wa Goma, sitaongeza neno.

Fundi_Luanda

Nami niseme kidogo. Angola kanuni mpya ya adhabu imeanza 2021, imetufuta kwenye makosa na inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu hiyo. Vizuri. Lakini Oktoba 2018 walifukuza Wakongo kwa malaki, wengine wakavuka na godoro kichwani. Kama una Kireno na karatasi, njoo. Kama huna, utakuwa shoga halali na Mkongo haramu.

Binamu_Matonge

Ulaya mnaiota, ngoja niwaamshe pole pole. Ubelgiji ilikuwa ya pili duniani, 2003. Imeshakuwa na waziri mkuu shoga, Di Rupo, 2011 hadi 2014, na watu walibishana naye kuhusu kodi. Mtaa wetu mashoga hapa Brussels ni Rue du Marché au Charbon, karibu na Grand-Place. Kutoka hapo mpaka Matonge, mtaa wa Wakongo, ni mwendo wa miguu tu. Nikiwa upande ule natembea mabega yameshuka. Nikikaribia saluni za Galerie d'Ixelles, mabega yanapanda yenyewe, maana kila anayesuka pale anamjua shangazi yangu.

Hifadhi: mahakama ya Ulaya iliamua 2013 kwamba mtu hawezi kuambiwa arudi kwao akajifiche, na 2014 kwamba maofisa wasikupime mwili wala kupokea picha za chumbani kama ushahidi. Safi. Lakini maofisa wanataka maisha yako yote kwa mpangilio, na Mkongo anaambiwa "kwenu si kosa". Basi lazima uonyeshe yaliyokupata wewe. Kidole chenye vumbi hakina muhuri. Na viza ya kufika hapa, kwa akiba ile, sahau kwanza.

(Kuna mtu atasema Thailand, wameruhusu ndoa Januari 2025. Ndiyo. Tiketi utalipa na nini?)

YayaBijou_Joburg

Binamu amesema kweli. Msusi, dada wa mwenzako ana saluni yake au anakodi kiti? Ulizeni. Kama ana yake, mengi yanabadilika.

Msusi_wa_Kamalondo

Asanteni wote, hata Papa Shemasi. Dada anakodi kiti, lakini mwenye saluni anatafuta mtu wa pili.

Tumeamua hivi: tunahamia Bel-Air kwenye chumba kimoja, mlango wa barabarani, kama alivyosema Avoka. Miezi sita. Humo tunatafuta viza na pesa ya miezi mitatu ya yule mzee asiyeuliza. Halafu Kasumba ataniambia basi lipi lisilolala Zambia.

Vitu tumeanza kuuza. Kitanda cha pili kimeondoka leo asubuhi, dola 40. Amekinunua mama mwenye nyumba. Alikikagua pande zote, akaridhika, akasema kiko kama kipya.