Kikundi: Sendofu ya Asha, kamati ya nyimbo

Rehema: Shikamooni wakubwa. Dijei anataka orodha kabla ya Alhamisi. Nimeanza hivi: Asha anaingia na "Malaika". Wakati wa chakula "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Kufungua muziki "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe. Ongezeni.

Shangazi: Marahaba mwanangu. "Sina Makosa" itoe. Umeyasikiliza maneno yake? Wanaume wawili, kila mmoja ana wake nyumbani, wanachukiana kwa mwanamke ambaye si wa yeyote kati yao. Halafu wakwe wako meza ya mbele wanakula pilau!

Juma: Shangazi, watu wanafuata gitaa tu 😂

Shangazi: Mama mkwe atafuata maneno.

Juma: Basi Franco, "Mario". Kilingala, hakuna atakayeelewa.

Shangazi: Jina wataelewa. Kijana kasoma, ana vyeti, kazi hataki, analelewa na mama mtu mzima. Tangu wimbo ule utoke 1985, mwanaume wa kulelewa hapa Dar anaitwa nani? Mario. Na mkwe wetu mkataba wake umeisha Machi, anahangaika na maombi ya kazi kila siku. Ukipigwa, ukumbi mzima utamtazama yeye. Sitaki.

Juma: Hapo kweli. Nimekosa, Shangazi.

Mjomba: Na "Malaika" je? Mimi nauliza kwa nia njema. Kijana anampenda msichana, angemuoa, mali hana. Pesa zinamsumbua roho. Ndiyo habari yote ya ule wimbo. Fadhili William aliurekodi Nairobi, Adam Salim naye alidai ni wake, Miriam Makeba akauzungusha duniani, na sisi tumeshika neno malaika tu. Tunamwingiza binti ukumbini kwa wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa.

Rehema: Mjomba, Asha mwenyewe ndiye aliyeutaka.

Mjomba: "Shida" siigusi. Mbaraka ni wa kwetu Morogoro. Alipofariki kwa ajali kule Mombasa, Januari 1979, marehemu baba alikaa kibarazani mpaka usiku na redio mapajani. Uwekwe baadaye, watu wakishashiba, tuucheze wote.

🎤 Bibi: ujumbe wa sauti, 2:41

Juma: Niko kwenye daladala, siwezi kusikiliza. Bibi kasemaje?

Rehema: Naandika. Bibi anasema: "Malaika msiutoe. Babu yenu alikuja kwa baba yangu na shilingi 60, mahari ilikuwa 300. Alikuwa kibarua kwenye mkonge, Kimamba. Kila mwisho wa mwezi anakuja na baiskeli, analeta 20. Baba anaandika kwenye daftari, anapiga mstari, wanakunywa maji, anaondoka. Mimi niko jikoni nachungulia. Miezi 12. Wimbo ule ukipigwa redioni pale hotelini kwa Mwarabu, ananyamaza, chai inapoa. Hakuwa akiimba. Tulipooana ndipo akaanza kuuimba, akijenga, akilima, mpaka uzee. Daftari ninalo, liko kwenye sanduku la kanga."

Mjomba: Mama, mimi mwanao wa kwanza, daftari hilo sijawahi kuliona.

Shangazi: Mimi nimeliona. Mstari wa mwisho umepigwa mara mbili, wino umechimba karatasi.

Asha: Shikamoo Bibi. Ndiyo maana nimeutaka. Babu alikuwa akiniimbia akinipeleka shule. Na mnajua mwenzangu bado ana nusu ya mahari. Halali usingizi kwa hilo.

Mjomba: Mwanangu, hiyo nusu tumeshakubaliana na mshenga, ataleta atakapopata. Mwambie kesho anipigie, au nitampigia mimi leo hii.

Asha: Ahsante sana Mjomba 🙏🏾

Rehema: Basi "Malaika" umebaki. Nitamwambia dijei apige wa Fadhili William, si ule wa Boney M. Bibi, Jumamosi nakuja kukuchukua. Njoo na daftari.

Bibi: 👍🏾